Karatasi Isiyopasuliwa

Jumamosi, 31 Agosti

Msimu wa wanawake umeanza, ule mpira wetu wa Kiaustralia unaodakwa kwa mikono. Tumeshinda kwa pointi nne. Upepo wa kaskazini ulikuwa mkali kiasi kwamba bango la karatasi, lile ambalo wachezaji hulipasua wakiingia uwanjani, nusura litushinde. Watu sita walishika milingoti, na bado lilivimba kama tumbo la mja mzito. Mzee Des Pomfret, kiongozi wetu wa mabango, alikuwa akipiga kelele, "Shikeni nyie! Mnadhani hii ni shuka ya kuanika?" Kisha wasichana wakatoka mbio langoni, wakalipasua katikati, na vipande vya karatasi ya kijani vikaruka hadi majukwaani. Wiki nzima ya mkasi na selotepu, na mwisho wake ni kufumba na kufumbua.

Ubeti niliouandika uliwahusu wapinzani wetu wa ng'ambo ya mto:

Mmevuka darajani na viatu vya kung'aa,
mtarudi majumbani na matope na balaa.

Si ushairi mkubwa. Lakini umati ulicheka, na mashabiki wao wakatuzomea, na hiyo ndiyo kazi ya ubeti wa bango.

Merrin alicheza vizuri pale nyuma. Klabu huwatafutia wasichana wanaotoka mbali nyumba za kukaa, na huyu waliniletea akiwa na miaka ishirini na miwili, kutoka Queenstown kule Tasmania, mji wa migodi ambako uwanja wa mpira hauna majani bali kokoto tupu. Walisema ni kwa miezi mitatu. Sasa ana miaka thelathini na moja, siku tatu za wiki ni fundi bomba, na bado soksi zake naziokota chini ya meza yangu.

Leo ilikuwa mechi yake ya arobaini na moja tu, kwa kuwa magoti yamemnyima misimu kadhaa. Msimu una mechi kumi. Yeye hasemi, nami sisemi, lakini sote wawili tunajua hesabu. Katika klabu yetu mwenye hamsini huandikwa jina kwa rangi kwenye mlango wa kabati lake, chumbani mwa kubadilishia nguo, na jina hilo halifutwi hata kabati likipewa mwingine.

Jumapili, 8 Septemba

Mvua. Tumefungwa. Merrin amekaa na barafu magotini na hataki kuzungumza.

Jumatano, 11 Septemba

Odile amekuja kula. Huyu ni winga wetu, mdogo kwa Merrin kwa miaka minane na mwenye sauti ya kuuza samaki. Nilipika supu ya chika, yale majani machungu. Merrin huiita "ile dawa yako", lakini huongeza sahani.

Walikuwa wakizungumzia kipimo cha kichwa ambacho daktari huwapa kabla ya msimu: kukumbuka maneno, kutaja tarakimu kinyumenyume, kusimama kwa mguu mmoja. Alama hizo huwekwa, na mchezaji akigongwa kichwa hupimwa tena ili zilinganishwe.

"Mimi mwaka huu nimepata zote," Odile alisema.

"Wewe mjinga," Merrin akamjibu. "Mtu mzima hapati zote. Mtu mzima anayumba kidogo, anasahau maneno mawili matatu, anajikuna kichwa. Ili siku ukigongwa kweli, uwe na nafasi ya kuwa mjinga bila mtu kujua."

"Kwa hiyo daktari anadhani wewe ni zuzu?"

"Miaka minne sasa! Ananionea huruma hata kunisalimia."

Odile alicheka mpaka supu ikampalia. Nami nilicheka.

Ijumaa, 20 Septemba

Yule ndege mweusi na mweupe wa mkaratusi wa kona ametaga tena. Ananipiga kisogoni kila niendapo kununua mkate. Nimevaa sufuria ndogo, na mtoto wa jirani amenipigia saluti.

Jumamosi, 5 Oktoba

Tumetoka sare, jambo lisilompendeza mtu. Joto la ghafla, maua ya mimosa yote yamekwisha kupukutika.

Kocha Leith Abernethy alimwita Merrin pembeni baada ya mechi. Njiani kwenda nyumbani, garini, alianza mwenyewe.

"Hana la kuniahidi la mwakani, Bibi. Ameniambia kwa adabu sana. Mtu akikuambia jambo kwa adabu sana, jua limekwisha."

"Na mwaka huu?"

"Mwaka huu nacheza nikiwa mzima. Akipata sababu ya kumwingiza yule mtoto mpya wa benchini, atamwingiza." Akawasha kiashiria, akapinda kona. "Basi sitampa sababu."

Aliendesha akiwa ameshika usukani kwa mikono miwili, kama mwanafunzi wa udereva.

Jumatano, 16 Oktoba

Ukumbi wa mabango. Nimefanya kosa, na Mzee Des hakunificha.

Nilikuwa nimekata tarakimu nyumbani, tano na sifuri, karatasi nyeupe, kila moja ndefu kuliko mimi. Nikazitandaza sakafuni ili nione zinavyokaa.

"Bi Velta," alisema, "hizo ni za nini?"

"Za Merrin. Za siku ya mwisho."

"Siku ya mwisho ni baada ya mechi mbili."

"Mikono yangu si ya kijana, Des. Nikianza siku ya mwisho nitamaliza Krismasi."

Alivua kofia. Amekuwa dereva wa basi miaka mingi, na hutazama kila kitu kama abiria asiye na nauli. "Namba haikatwi kabla ya kikosi kutajwa. Unajua hivyo kuliko mtu yeyote humu ndani. Mama mzima, msomi, unakata namba kama mtu anayenunua jeneza kwa kuwa bei imeshuka."

Wenzetu walicheka, nami nikacheka, lakini sikuzikunja. Kufikia jioni tulikuwa tumeliunganisha bango zima. Katikati, kati ya tano na sifuri, tuliacha mlango kama kawaida yetu: mstari uliochanwa tayari na kushikizwa kwa selotepu nyembamba, ili mchezaji apite bila kuumia. Mtazamaji wa mbali hauoni.

Ubeti nao nilikuwa nao tangu Agosti:

Kutoka kwenye kokoto, magoti yakichubuka,
hamsini leo, toto, na bado hujaanguka.

Des aliusoma mara mbili. "Mzuri," alisema. "Mungu atusamehe."

Jumamosi, 19 Oktoba

Ushindi. Arobaini na nane.

Jumamosi, 26 Oktoba

Robo ya tatu Merrin aliruka kuudaka mpira huku akirudi kinyumenyume. Ndio udakaji unaopendwa kuliko wote, kwa sababu adakaye hauoni mwili unaomjia. Goti la msichana wa timu nyingine lilimpata nyuma ya sikio. Alianguka, kisha akainuka haraka mno. Mtu asiyeumia huinuka polepole, tena kwa matusi.

Daktari alimpeleka ndani. Baadaye kidogo alirudi benchi, akaonyesha dole gumba, na robo ya mwisho akaingia. Watu wa majukwaani walimpigia makofi. Na bibi kizee mwenye skafu ya kijani safu ya tatu, ndiye mimi, alipiga kuliko wote.

Nyumbani alivaa miwani ya jua jikoni. Nikadhani ni madaha. Kisha, akiwa ameshika kikombe, aliniuliza kwa upole, "Kaija umempa chakula?"

Kaija alikuwa mbwa wetu. Tulimzika pamoja, mimi na yeye, chini ya mlimau, miaka mitatu iliyopita.

Jumapili, 27 Oktoba

Aliamka saa nne, akatapika, akasema ni pai ya nyama ya uwanjani. Nikafunga mapazia bila kuulizwa, akaja kukaa nami gizani.

"Kile kipimo umekipitaje?" nilimuuliza.

"Si nilisema mbele yako? Mwanzo wa msimu niliwapa alama za mlevi. Jana nimewapa za mlevi tena. Zimelingana." Alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo.

"Merrin."

"Usiniite hivyo."

"Nikuiteje?"

"Unaniita kama mtu anayetoka kuzika." Akaweka kichwa kwenye mto wa kochi, taratibu, kama anayetua yai. "Sikiliza, Bibi. Daktari akijua, ni siku kumi na mbili nje, ndiyo sheria. Mechi ni Jumamosi. Mkinitoa sasa, Leith hatanirudisha tena. Magoti yangu yote mawili yameshonwa. Hakuna klabu itakayonichukua. Nitabaki arobaini na tisa hadi kaburini. Unajua arobaini na tisa ni nini? Ni sifuri yenye mikwaruzo."

"Na ukigongwa tena Jumamosi?"

"Sitagongwa."

"Na ukigongwa?"

"Mechi moja tu. Baada ya hapo kichwa nitakilaza mwaka mzima, nitakifungia kabatini, nitakupa wewe ukitunze. Baba yangu ameshakata tiketi ya meli. Hajawahi kuvuka bahari kuja kuniona nikicheza, anakuja kuona jina." Alinyoosha mkono gizani hadi akaupata wangu. "Niahidi hutasema."

Sikuahidi. Lakini sikukataa, naye akachukua kimya changu kuwa ndiyo. Hana kosa. Miaka tisa kimya changu kimekuwa ndiyo kwake: aliporudi alfajiri, alipoacha chuo, alipomleta yule mpiga gitaa.

Sasa ameenda kulala. Nimekaa na kalamu na sioni ninaloandika vizuri, kwa kuwa sijafungua mapazia.

Mwaka wa arobaini na tisa, baada ya vita kuu, tulikuwa kambini Ujerumani, wakimbizi wa Latvia wasio na pa kurudi. Mama, mimi na mdogo wangu Uldis, mwenye miaka sita. Australia ilichukua wazima tu. Asubuhi ya kukaguliwa, mama alimpaka Uldis maji ya bitiruti mashavuni na kumfundisha kubana kikohozi: ukisikia kinakuja, hesabu vidole vya mguuni ndani ya kiatu. Alihesabu. Niliona midomo yake ikicheza. Daktari alimpigapiga mgongoni akasema, "Huyu imara." Mama alimbusu hadi nje ya mlango. Meli ilipopita Aden hakuweza tena kubana chochote, na tulimzika baharini tukiwa hatujaiona nchi hii.

Sijawahi kumlaumu mama. Kila aliyesimama katika foleni ile alikuwa ameficha kitu. Na yule daktari hakukosea, alisema alichoonyeshwa.

Jumatatu, 28 Oktoba

Nilikwenda klabuni kwa miguu. Ndege wa kona alinipiga, sikumjali.

Daktari Ngaire Sutcliffe alikuwa anakunywa chai. "Bi Velta! Kifua tena?"

"Leo nimekuja kwa kichwa cha mtu mwingine."

Aliweka kikombe chini. Nilimweleza yote: miwani, matapishi, Kaija. Alifungua kompyuta, akatazama kwa muda.

"Alama zake za Jumamosi zinalingana na za Julai," alisema.

"Ndiyo. Hizo za Julai ndizo zilizonileta."

Alielewa. Nilimwona akipitia miaka minne nyuma, jina moja, alama zile zile. Alivua miwani, akajisugua macho. "Nami nilidhani ndivyo alivyoumbwa," alisema. Kisha: "Unajua Jumamosi ni mechi yake ya ngapi?"

"Tarakimu nimezikata kwa mkono wangu, daktari."

Hakuna aliyenilazimisha. Naandika hivyo kwa sababu njiani, nikirudi, nilikuwa tayari nimeanza kutafuta mtu wa kumsingizia.

Jumanne, 29 Oktoba

Amefunga mizigo. Anahamia kwa Odile.

"Nani alikutuma?"

"Hakuna."

"Miaka tisa, Bibi. Miaka tisa nakula majani yako machungu, hujaniingilia hata siku moja. Nilipokuwa nafanya upumbavu mbele ya macho yako, ulikuwa unasoma kitabu! Umeona leo ndiyo siku ya kuanza?"

"Ndiyo."

"Ungenigonga wewe mwenyewe ingekuwa afadhali. Ningejua umeteleza."

Alibeba begi kwa mkono mmoja huku mwingine umekinga macho kutokana na mwanga wa mlangoni, na ngazi ya kibarazani, anayoijua kuliko mimi, aliikosa. Nilinyoosha mkono. Hakuushika.

Viatu vyake vya kuchezea vimebaki juu ya gazeti, na matope yake.

Alhamisi, 31 Oktoba

Kikosi kimetajwa, bila jina la Merrin. Mzee Des alipiga simu. Nilikuwa nimejiandaa kwa kejeli, lakini alizungumza kwa sauti ya hospitalini.

"Bango tulifanyeje, mama? Tunaweza kubandika karatasi nyingine juu ya tarakimu."

"Hapana. Likunje uniletee."

"Nilikuambia namba haikatwi mapema."

"Uliniambia, Des."

"Heri nisingekuambia," alisema. Baada ya hapo hakujua namna ya kuaga.

Jumamosi, 2 Novemba

Mvua ya kutosha kuzamisha kondoo. Nilikwenda. Bango jipya lilikuwa na maneno mawili tu, ASANTENI WOTE, na rangi yake ilichuruzika hata wasichana waliolipita walitokea upande wa pili na nyuso za kijani. Yule mtoto mpya alicheza nafasi ya Merrin. Alicheza vizuri, jambo ambalo nilitamani lisitokee, kisha nikaona aibu.

Merrin alikaa na majeruhi, kofia hadi kwenye nyusi. Kando yake alikuwa mwanamume mfupi, mabega mapana, koti la mgodini. Baba yake hakurudisha tiketi. Hawakuzungumza, lakini kila umati ulipopiga kelele, alimziba binti yake masikio kwa viganja vyake viwili.

Tumefungwa. Imekwisha.

Jumamosi, 9 Novemba

Klabu imetangaza wasioongezewa mikataba. Jina lake ni la tatu.

Jumapili, 17 Novemba

Amekuja kuchukua viatu. Nilikuwa nimevisafisha, na nilipoona anavyovitazama nilijuta. Matope yale yalikuwa yake.

Amekonda. Miwani ya jua bado. Alikataa kukaa, lakini chai alikunywa, amesimama, akiegemea jokofu.

"Kabati langu wamempa mtoto mmoja kutoka Bendigo," alisema. "Ana miaka kumi na minane. Ameniuliza kwa nini mlango unakwama."

"Ukamwambiaje?"

"Auinue kidogo kabla ya kuvuta." Alizungusha chai kikombeni. "Daktari anasema ulifanya sawa. Odile anasema ulifanya sawa. Baba amesema hivyo hivyo kwa simu akiwa melini, watu wakisikia. Nikikutana na wa nne wa kuniambia hivyo, nitampiga ngumi."

"Mimi sikuambii."

"Wewe usithubutu."

Kisha akauliza bango liko wapi. Des alikuwa ameliweka gereji, limeviringishwa kwenye mlingoti mmoja kama zulia. Tulilitandaza juu ya majani nyuma ya nyumba, tukaweka mawe pembeni. Ni refu kuliko ua wangu, kwa hiyo neno la mwisho lilibaki limekunjwa hadi alipolivuta mwenyewe.

"'Na bado hujaanguka,'" alisoma. "Uongo, Bibi."

"Uliandikwa mapema."

"Mlango uko wapi?"

Nilimwonyesha. Alipiga magoti, na nikasikia magoti yakilia. Akapitisha kidole juu ya selotepu, kutoka chini hadi pale tarakimu mbili zinapokutana. Miaka tisa ameipita milango yangu mbio, amefumba macho. Hakuwa amewahi kuiona.

"Kumbe mnaukata kabisa," alisema. "Mimi nilidhani ni nguvu zetu."

"Sukuma," nilimwambia. "Ni lako."

Aliweka kiganja. Upepo uliinua karatasi kidogo, ikapumua chini ya mkono wake. Nilingoja ule mchaniko.

"Si langu. Ni la mwenye hamsini." Akaondoa mkono.

Aliliviringisha mwenyewe, polepole, akilitoa majani yaliyonasa, akalirudisha gereji. Kisha akachukua viatu, akavifunga kamba shingoni. Meli ya Tasmania inaondoka jioni. Hakunikumbatia. Lakini pale kwenye ngazi ya kibaraza alisimama, akaitazama, akashuka kwa uangalifu.

Jumapili, 24 Novemba

Hakuna jipya. Vifaranga vya kona vimeruka, na mama yao hanipigi tena.

Jumapili, 8 Desemba

Joto kali, nyuzi thelathini na tisa kivulini. Simu ililia wakati wa chai. Nyuma ya sauti yake nilisikia mvua juu ya bati. Queenstown hunyesha hata Desemba.

"Ni mimi."

"Najua."

"Leo nimeamka na kichwa hakiumi. Tangu ile siku. Ndiyo mara ya kwanza."

"Umemwambia daktari?"

"Nakuambia wewe."

Nilikaa chini. Alikuwa akitafuna kitu. Pengine alitaka nisikie kwamba hamu ya kula imerudi.

"Bado nina hasira na wewe," alisema.

"Najua."

"Nyingi, Bibi. Usifikiri zimepungua."

"Sifikiri."

"Jana nimekwenda pale uwanjani, kwenye kokoto. Watoto wananiuliza nimecheza mechi ngapi. Nimewaambia karibu hamsini. Karibu! Nimesema kama mtu anayeuza mtumba. Basi. Haya. Kunywa maji, joto hilo litakuua."

Akakata simu. Uldis angekuwa na miaka themanini na mmoja. Mama aliishi miongo minne baada yake, kila Krismasi akimwekea sahani, na hakupata hata siku moja ya kusikia hasira zake.

Jioni nilikwenda gereji kutafuta ndoo. Joto lilikuwa limelegeza gundi. Nililiviringua bango kiasi cha kufika katikati, nikakuta selotepu ya mlango imeachia yote, kutoka chini hadi juu, na karatasi imefunuka yenyewe kati ya tano na sifuri. Nilileta kiti, mkasi na miwani ya kusomea. Nimeufunga upya kwa selotepu ileile nyembamba, isiyomzuia mtu.